Mbwa wa kulea anakunywa maji kupita kiasi: pima kabla ya kumnyima

Mbwa mzima mwenye afya hunywa mililita 40 hadi 60 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Akivuka mililita 100 kwa kilo, tatizo lipo. Kwa mbwa wa kilo 15, hiyo ni lita moja na nusu. Wanaolea mbwa kwa muda huja kliniki wakisema "anakunywa sana", basi. Bila namba, daktari anabahatisha.

Kupima ni rahisi. Asubuhi jaza jagi lenye alama lita mbili, na bakuli lijazwe kutoka humo tu. Kesho yake saa ile ile, kutoka kwenye lita mbili toa yaliyobaki kwenye jagi na bakulini, kisha gawa jibu kwa uzito wa mbwa. Fanya hivyo siku tatu, na usihesabu siku ya kwanza, maana mbwa mgeni nyumbani hunywa ovyo. Bakuli likae ndani ya sinia ili yanayomwagika yapimwe. Funga mlango wa choo, inua ndoo ya kudekia. Kama kuna mbwa mwingine, watenganishe.

Angalia na chakula. Dagaa wa chumvi au mabaki ya supu yaliyokolea chumvi huleta kiu. Anayekula chakula kikavu cha dukani naye hunywa zaidi ya anayekula cha kopo, ambacho sehemu kubwa ni maji.

Kipimo kinachofuata ni mkojo wa kwanza wa asubuhi. Ukinge kwa upawa safi, utie kwenye chupa kavu na kuufikisha kliniki mapema. Ukichelewa, uweke kwenye friji. Kliniki hupima uzani wake ukilinganishwa na maji, ambayo ni 1.000. Ukizidi 1.030, figo zinakoleza mkojo vizuri, ila sukari ndani yake inaweza kudanganya. Ukibaki kati ya 1.008 na 1.012 kila unapopimwa, figo zichunguzwe kwa damu. Chini ya hapo, shida mara nyingi huwa ya homoni, au mbwa amezoea tu kunywa.

Hapa ndipo watu wengi huharibu: mbwa anakojoa sebuleni, wanaficha bakuli usiku. Mbwa mwenye figo mbovu au kisukari hunywa kwa sababu maji yanamtoka. Ukimnyima, ataendelea kukojoa na kuishiwa maji mwilini. Mtoe nje kila baada ya saa mbili, na bakuli libaki palepale.

Jike ambaye hajafungwa kizazi, akianza kiu wiki nne hadi nane baada ya joto (kipindi cha kutaka dume), apelekwe siku hiyo hiyo. Huenda mfuko wa uzazi umejaa usaha, hata kama hakuna kinachotoka nje. Waulize pia waliokukabidhi mbwa alikuwa anapewa dawa gani. Prednisoloni ya kutuliza muwasho, fenobabitali ya kifafa na furosemidi ya kukojosha zote huongeza kiu. Usiikatishe prednisoloni ghafla. Kipimo hupunguzwa polepole na daktari.

Damu na mkojo vikiwa safi, na daktari akikubali kwamba ni mazoea, ndipo unapunguza. Anza na kiasi anachokunywa sasa, kigawe mara sita hadi nane kwa siku, kisha punguza asilimia 10 kila baada ya siku tatu. Ishia mililita 60 hadi 80 kwa kilo. Siku ya jua kali ongeza. Mpime uzito kila asubuhi: wa kilo 15 akipoteza nusu kilo, au ufizi ukinata kidoleni, mrudishie maji yote na umpigie daktari.

Kuna na hatari ya upande wa pili: mbwa anayecheza na mpira wa kumwagilia bustani akimeza maji mfululizo. Chumvi ya damu ikishuka ghafla hutapika, hupepesuka, hata hupata degedege. Huyo ni wa dharura, usisubiri kesho.

Vipimo vyote, pamoja na tarehe na uzito, viandike kwenye daftari litakaloondoka na mbwa kwenda kwa mmiliki wake mpya.