Bundi hajatumwa na mtu, na kunguru si mfagizi: tunayoyaamini juu ya ndege wetu

Hapa kwetu visiwani ndege wamebambikiwa kesi nyingi sana, na nyingi zinatokana na kwamba tunawasikia tu, hatukai tukawatazama wanakula nini.

Bundi ndo anaonewa kuliko wote. Ati akilia juu ya paa kuna mtu atakufa, ati katumwa, na watoto wanakua wakijua bundi ni wa kupigwa mawe. Jamani, yule bundi mwenye uso mweupe anaekaa kwenye majumba ya zamani anafuata panya, basi. Panya wako darini kwako, na yeye atakuja hapo hapo. Kama huamini kaangalie chini ya pahala anapolala mchana, utakuta vitonge vyeusi vimekauka, chukua kijiti ukibomoe kimoja utaona manyoya na vifupa vidogo vidogo, pengine fuvu zima la panya na meno yake, kwasababu panya mara nyingi anammeza mzima na yale yasiyosagika tumboni anayatapika. Ndege anaekuondolea panya usiku kucha bila malipo ndo tunamwita mkosi!

Na Pemba inaniuma zaidi, mana wana bundi wao mdogo ambae dunia nzima hapatikani pengine ila kisiwani pale, yuko msitu wa Ngezi na hata kwenye mashamba ya mikarafuu, analia "hu" moja moja tu, na chakula chake kikubwa ni wadudu. Mkimuua kwa uoga hakuna kwengine pa kwenda kumtafuta.

Kunguru sasa. Wengi wanasema muacheni, anasafisha mji. Hiyo ndo sababu iliyomleta, mana huyu mwenye shingo ya kijivu si wa hapa asili yake, aliletwa Unguja kutoka Bara Hindi miaka ya 1890 ili ale taka za mji. Taka anakula kweli, sibishi, lakini mtazame asubuhi anavyohama mti hadi mti akichungulia kwenye matawi, pale anatafuta viota. Mayai anakula, makinda ya ndege wadogo anakula, na vifaranga vya kuku kila mfugaji ana kisa chake cha kukusimulia. Mie naona tumegeuza mambo, jaa likiachwa wazi ndo linamlisha yeye azidi kuzaana halafu wanaoumia ni ndege wengine, kwahiyo anaetaka kunguru wapungue aanze kufunika taka zake.

Yangeyange, yule ndege mweupe, watu wanadhani anamfuata ng'ombe kwa ajili ya kupe. Kupe anaweza kumdonoa akimkuta, ila hasa anachotaka ni panzi na wadudu wengine wanaoruka ng'ombe akikanyaga majani, ndo mana utamuona karibu na miguu na mdomo wa ng'ombe. Hata trekta likilima anakwenda nalo, na trekta halina kupe. Na wale wanaomfukuza bonde la mpunga kama Cheju wanamuonea, mpunga hali, anatafuta wadudu na vyura.

Chozi, yule ndege mdogo anaenyonya maua, nae ati anaishi kwa maji ya maua tu. Anakula na wadudu na buibui, na makinda yake anawalisha hao hao.

Halafu kuna sululu na vitwitwi tunaowaona pwani, watu wanadhani ni wa hapa hapa na kwamba wanazurura tu. Wengi wao wanazaliana kaskazini ya mbali, Siberia na nchi za baridi kule, wanakuja kwetu kukimbia baridi, na kabla ya kurudi mwezi wa tatu wa nne lazima wanenepe. Mtazame sululu maji yakipwa ghuba ya Chwaka, ule mdomo uliopinda anautia kwenye tundu la kaa mpaka ndani, akimtoa anamkung'uta mpaka miguu inakatika, pengine anamsuuza tope, ndo anammeza. Hapo yuko kazini, na kila anaporushwa na mbwa au watoto anapoteza mafuta ya safari. Ukitaka kuwaona vizuri usiwafuate, kaa kimya ufukweni maji yanapoanza kujaa, maji yenyewe yatawasogeza kwako.