Nafasi tupu si sifuri

Watengenezaji wengi wa programu huamini kwamba sehemu isiyo na taarifa ikiachwa wazi kwenye skrini, msomaji ataelewa mwenyewe. Haelewi, anakisia. Chukua rekodi ya mgonjwa: mbele ya "Mzio wa dawa" hakuna kitu. Je, hana mzio, au hakuulizwa? Daktari anayetaka kuandika penisilini anahitaji jibu, na nafasi tupu hailitoi. Andika "Hana mzio" au "Hajaulizwa", basi.

Kujaza 0 ni kubaya zaidi: kwenye joto la mwili ni kipimo cha uongo, tena huvuruga wastani. Hata SQL, lugha ya hifadhidata, hutenganisha NULL (alama ya thamani isiyokuwepo) na sifuri. Kistari nacho hakitoshi, maana hakisemi kwa nini taarifa haipo.