Usimamizi shirikishi wa uvuvi ni nini? Tuanzie Nyumba ya Mungu

Bwawa la Nyumba ya Mungu ni la nani? Ukifuata mipaka, maji yake yanagusa wilaya za Mwanga na Moshi upande wa Kilimanjaro, na Simanjiro upande wa Manyara. Ukifuata sheria, samaki wako chini ya Wizara ya Mifugo na Uvuvi, maji yako chini ya Bodi ya Maji Bonde la Pangani yenye makao yake hapa Moshi, na mitambo ya umeme ni ya TANESCO. Lakini anayeingia majini kabla ya jua kuchomoza ni mvuvi wa Lang'ata au Ngorika, na anayemsubiri mwaloni na beseni ni mama anayetafuta perege wa kuuza.

Usimamizi shirikishi wa uvuvi ni utaratibu ambao serikali na hao wanaoishi kwa samaki wanagawana mamlaka na wajibu wa kuwatunza. Wote wawili wana sauti katika kuamua nani avue, avue kwa zana gani, wapi na msimu gani, na wote wanawajibika kanuni zikivunjwa. Serikali inabaki na sheria, leseni, wataalamu na mahakama. Jamii inaleta ujuzi wa maji yake, macho yaliyopo mwaloni kila siku, na nguvu ya kumwambia jirani "hapana" akasikia.

Kwa nini serikali isifanye peke yake? Mtazame perege mwenyewe. Dume huchimba kiota kwenye maji ya kina kifupi karibu na ufuko. Jike hutaga humo, kisha huyabeba mayai mdomoni mpaka yaanguliwe, na vifaranga huendelea kukimbilia mdomoni mwake wakiona hatari. Sasa pitisha kokoro hapo, yaani wavu mrefu wa kukokotwa hadi ufukoni. Linakokotwa kwenye tope, linafukua viota, linazoa wazazi na watoto pamoja. Kazi hiyo huchukua muda mfupi tu usiku, na afisa uvuvi mwenye eneo kubwa na mafuta ya kuhesabu hawezi kuwa kwenye kila ufuko. Mtu wa kijijini anajua kokoro limefichwa wapi na ni la nani.

Kwa Tanzania, chombo cha utaratibu huu ni vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, ambavyo mwaloni kila mtu anaviita BMU. Vilianza kushika kasi Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1990, na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 ikavipa nafasi kisheria kwa kuruhusu makubaliano ya usimamizi kati ya serikali na vikundi hivyo. BMU si chama cha wenye mitumbwi. Anayevua kwa chombo cha mwenzake, mchuuzi, mkaangaji na fundi wa nyavu wote wana haki ya kuwemo. Kikundi husajili wavuvi na vyombo, huandika samaki waliovuliwa, hutunza usafi wa mwalo, husuluhisha ugomvi wa nyavu na hufanya doria.

Kazi ya ukaguzi yenyewe haihitaji mitambo. Unashika jicho moja la wavu, unalivuta mpaka pande zake zikutane, unapima kutoka fundo hadi fundo. Likiwa dogo kuliko kipimo kilichowekwa, wavu huo unakamata samaki ambao bado hawajazaa.

Wachaga wasomaji hawatashangazwa na haya. Mfongo unaoteremsha maji kutoka mlimani hadi kwenye migomba umeendeshwa hivyo kwa vizazi: kuna zamu ya maji, kuna siku ya kusafisha, na asiyetokea siku hiyo hutozwa. Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alionyesha kwa mifano ya nchi nyingi kwamba watu wanaotumia mali moja wanaweza kuitunza bila kuiuza na bila kuikabidhi yote kwa dola. Masharti yake yanafanana sana na ya mfongo: mipaka ijulikane, watumiaji washiriki kutunga kanuni, pawe na wasimamizi wanaowajibika kwao, adhabu ianze ndogo na kupanda, na serikali iitambue haki yao ya kujipanga.

Hapo kwenye kutunga kanuni ndipo mambo mengi hukwama. Mwaka 1996 watafiti Sevaly Sen na Jesper Raakjær Nielsen walipanga ushirikiano wa aina hii kama ngazi. Chini kabisa serikali inaamua, halafu inawajulisha wavuvi. Juu kidogo ya hapo inawauliza maoni kabla ya kuamua. Katikati wanaamua kama washirika. Juu kabisa jamii inaamua, na serikali inaidhinisha au inapokea taarifa tu. Ngazi zote hizo huitwa shirikishi kwenye makabrasha. Mimi nasema wazi: BMU inayotumwa doria usiku, bila posho, kulinda kanuni ambazo haikuulizwa, inafanyishwa kazi ya serikali bure. Wanachama wake wanajengewa uadui na majirani, na siku zana zikikamatwa hawana usemi juu ya faini.

Pwani kuna mfano wa ngazi za juu. Kisiwa Panza, Pemba, wanakijiji wamekuwa wakifunga sehemu ya mwamba kwa miezi michache ili pweza wakue, kisha wanaifungua kwa siku waliyokubaliana. Pweza hukua haraka, kwa hiyo faida inaonekana ndani ya msimu huohuo, na hilo linarahisisha kukubaliana.

Perege hana haraka hiyo, na bwawa zima ni kubwa kuliko mwamba mmoja. Nyumba ya Mungu limewahi kufungwa kwa uvuvi ili samaki wazaliane, na sababu ilikuwa ya kweli. Ila kufunga maji kunamgusa kwanza mkaangaji ambaye mtaji wake ni ndoo moja, na mara nyingi yeye ndiye asiyekaa kwenye meza ya uamuzi. Ushirikishwaji wa kweli ungemuuliza mapema: tufunge bwawa lote, au mazalia tu? Tufunge miezi gani, na wewe utaishi vipi?

Na bado kuna maji. Viota vya perege viko kwenye kina kifupi, kwa hiyo ukame unapoyashusha maji, au yanapofunguliwa kwa ajili ya umeme na mashamba ya chini, viota hubaki kwenye nchi kavu. BMU ikikamata makokoro yote haitazuia hilo. Ndiyo maana wavuvi wanastahili kiti pia pale maji ya Bonde la Pangani yanapogawanywa.