Hapana, Sijui Unachowaza: Dhana Potofu Kuhusu Shahada ya Saikolojia na Uchanganuzi wa Tabia

Jaribu kutaja mbele za watu kwamba unasoma saikolojia. Mmoja atajifunika uso kwa mkono: "Basi usinisome!" Mwingine atakuvuta pembeni akusimulie habari za shemeji yake. Wote wamekosea, ila wa kwanza amekosea zaidi.

"Wanafundishwa kusoma mawazo ya watu"

Somo hilo halipo. Lililopo, na linalowatoa wengi jasho, ni takwimu na mbinu za utafiti. Aliyekimbia hesabu akidhani saikolojia itamsitiri huzikuta zinamsubiri ndani: wastani, mtawanyiko, na namna ya kujua kama tofauti kati ya makundi mawili ina maana au imetokea kwa bahati tu. Upande wa uchanganuzi wa tabia, yaani kuchunguza tabia inayoonekana na kinachoifanya iongezeke au ipungue, kuna ugumu mwingine, maana huko unaanza kwa kujifunza kutazama.

Chukua zoezi hili. Wanafunzi wawili wanatazama video ileile ya dakika 10, ya mtoto aliye darasani, na kila mmoja anahesabu ni mara ngapi mtoto "anasumbua". Wa kwanza anapata 14, wa pili 9. Gawa ndogo kwa kubwa, zidisha kwa 100: wamekubaliana kwa asilimia 64. Kwa kawaida kinachokubalika ni 80 na kuendelea, kwa hiyo data yao haifai. Nani kakosea? Hakuna. Wa kwanza alihesabu hata kugonga kalamu mezani, wa pili akaona kalamu haimdhuru mtu. Basi wanalifuta neno "kusumbua" na kuandika: "makalio kuachana na kiti kwa sekunde 3 au zaidi bila ruhusa ya mwalimu." Wanatazama upya. Sasa ni 12 na 11, asilimia 92.

Ukishafanya zoezi hilo mara kadhaa, maneno kama "mvivu" na "mkaidi" huanza kukukwama kooni. Utayahesabuje?

"Saikolojia ni Freud na kochi lake"

Freud alikuwa daktari wa mishipa ya fahamu, aliyewatibu watu kwa kuwasikiliza wakiwa wamelala kochini, na katika kozi nyingi za leo anapewa nafasi ndogo, zaidi kama historia. Mwaka unaotajwa sana kuwa mwanzo wa saikolojia kama sayansi ni 1879, Wilhelm Wundt alipofungua maabara yake Leipzig. Uchanganuzi wa tabia nao una ukoo wake: Thorndike na paka aliowafungia kwenye masanduku ya mafumbo (1898), Watson na tangazo lake la 1913 kwamba saikolojia ichunguze tabia inayoonekana, kisha Skinner, Mmarekani aliyechunguza jinsi matokeo ya tabia yanavyoibadili. Yumo pia Pavlov, ambaye Tuzo ya Nobel ya 1904 aliipata kwa kazi ya mmeng'enyo wa chakula, wala si kwa kuwafundisha mbwa kudondosha mate.

"Kilichoandikwa kitabuni kimeshathibitishwa"

Mwaka 2015 kundi kubwa la watafiti lilitoa matokeo ya kurudia tafiti 100 za saikolojia. Karibu zote, mara ya kwanza, zilikuwa na matokeo yenye uzito wa kitakwimu, yaani yasiyoelekea kuwa ya bahati tu. Ziliporudiwa, ni asilimia 36 tu zilizofanya hivyo. Mwalimu mzuri hakufichi hilo.

"Uimarishaji hasi ni adhabu iliyopewa jina la heshima"

Hapa ndipo mitihani inapoangusha watu. "Hasi" haina maana ya "baya". Ni alama ya kutoa, kama kwenye hesabu. Kitu kinaondolewa, na kwa sababu hiyo tabia inaongezeka. Gari linapiga kelele hadi ufunge mkanda. Ukifunga, kelele zinakoma. Kesho unafunga mapema. Hakuna aliyeadhibiwa. Adhabu hupunguza tabia, uimarishaji huiongeza, uwe chanya au hasi.

Kisha kuna jambo ambalo wengi hulikataa mara ya kwanza: jina linatokana na matokeo, nia haihusiki. Mwalimu anamtoa nje mtoto kila anapopiga kelele kipindi cha hesabu, akiamini anamwadhibu. Kama kelele zinazidi wiki hadi wiki, basi kwa lugha ya fani anaziimarisha. Mtoto ameshagundua mlango wa kuzikwepa hesabu. Vivyo hivyo, peremende ambayo haijaongeza tabia yoyote ni peremende tu, hata kama mtoa ameiita zawadi.

Ndiyo maana mchanganuzi huanza kwa kuuliza tabia hii inampa nini mwenyewe. Majibu ya kawaida ni manne: watu wanamjali, anakwepa jambo, anapata kitu, au mwili wenyewe unaona raha. Na ukiamua kuacha kuitikia kilio cha mtoto anayetaka kitu, jua kilio kinaweza kupanda kwanza kabla ya kushuka. Mzazi asiyelijua hilo husalimu amri kilio kikiwa kileleni, na kwa kufanya hivyo amefundisha kwamba kelele kubwa ndiyo ufunguo.

"Skinner alimfungia bintiye kwenye sanduku la majaribio"

Uvumi mtupu, tena wenye ukatili. Mwaka 1945 Skinner alieleza katika jarida moja la akina mama la Marekani kitanda alichomtengenezea mtoto wake: kilifungwa, kina kioo mbele na hewa ya joto, ili mtoto alale bila kuzongwa na nguo. Hapakuwa na jaribio lolote. Watu wakasema binti aliharibikiwa akili, wengine wakadai alijiua. Mwenyewe alikua akawa msanii, na mwaka 2004 akajibu kwa maandishi yake katika gazeti la Uingereza.

Pia Skinner hakukana kwamba watu wana mawazo. Aliyaona kuwa ni tabia, ila zinatokea ndani ya ngozi, na shahidi ni mmoja tu. Unaweza kubishana naye (mwanaisimu Chomsky alifanya hivyo kwa ukali mwaka 1959, kuhusu lugha), lakini ubishane na alichosema.

"Uchanganuzi wa tabia ni wa kuwasaidia watoto wenye usonji (autism) tu"

Ajira nyingi ziko huko, hilo ni kweli, ingawa mbinu hizohizo zinatumika katika usalama kazini, michezo na kufunza wanyama. Kinachonikera ni kozi zinazoiruka historia ya fani hii. Utafiti wa mwanasaikolojia Lovaas wa 1987 wa kuwafunza watoto wenye usonji, ulioipa fani umaarufu, ulitumia pia kofi la pajani. Watu wazima wenye usonji wamelalamika kwamba walifunzwa kuficha walivyo ili wengine watulie. Malalamiko hayo yanastahili kipindi kizima darasani.

"Nikimaliza shahada nafungua kliniki"

Mahali pengi huruhusiwi. Kujiita mwanasaikolojia hudai uzamili au uzamivu, mazoezi chini ya msimamizi, na leseni. Kuandika dawa kwa kawaida ni kazi ya daktari wa magonjwa ya akili, ambaye amepitia udaktari. Kwa wachanganuzi wa tabia, cheti kinachojulikana zaidi ni BCBA (Board Certified Behavior Analyst), cha bodi ya Marekani iliyoanzishwa 1998, nacho kinataka uzamili. Tangu 2023 bodi hiyo imefunga mlango kwa waombaji wapya wa nchi nyingi nje ya Marekani na Kanada, na bado kuna matangazo ya vyuo yanayokitaja kana kwamba kinamsubiri kila mhitimu. Kabla ya kulipa ada, omba jibu la maandishi: kozi hii inatambuliwa na nani, kule ninakokusudia kufanya kazi?