Thrii ya 15 Hazifanani: Namna ya Kuyasoma Matokeo ya Kidato cha Sita

Kila mwaka, Baraza la Mitihani la Tanzania linapotangaza matokeo ya kidato cha sita, swali la kwanza katika kila familia huwa ni hilo hilo: amepata ngapi? Jibu nalo huja kwa lugha ya vijana wenyewe, kwamba huyu ana wani ya saba, yaani daraja la kwanza lenye pointi saba, yule ana tuu ya kumi na moja, na mwingine, kwa sauti ya chini, ana thrii ya kumi na tano au foo. Mimi ni mwalimu wa ushauri na unasihi, na tangu matokeo yanapotoka hadi vyuo vinapofunguliwa, sehemu kubwa ya kazi yangu ni kukaa na vijana wa kundi hili la mwisho pamoja na wazazi wao. Jambo ambalo ningependa walijue kabla hatujaonana ni kwamba mlango wa chuo kikuu haufunguliwi kwa daraja. Kinachoangaliwa ni alama za somo moja moja, na mara nyingi alama hizo husema jambo tofauti kabisa na lile ambalo daraja limekwisha kuitangazia familia.

Tatizo linaanzia kwenye hesabu mbili zinazokwenda kinyume. Katika hesabu ya Baraza la Mitihani, A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6 na F ni 7. Pointi za masomo matatu ya tahasusi, yaani mchepuo aliousoma mwanafunzi, hujumlishwa, somo la GS (General Studies) likiwekwa kando, na jumla ikiwa ndogo ndivyo matokeo yanavyokuwa mazuri. Kuanzia 3 hadi 9 ni daraja la kwanza, 10 hadi 12 la pili, 13 hadi 17 la tatu, 18 na 19 la nne, na kinachobaki ni sifuri. Tume ya Vyuo Vikuu, yaani TCU, huhesabu kwa kupanda: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, na S ni nusu pointi. Kwa waliomaliza kidato cha sita kuanzia mwaka 2016, kigezo cha chini cha kujiunga na shahada ya kwanza ni ufaulu kamili, maana yake A hadi E, katika masomo mawili yenye jumla isiyopungua pointi 4.0, na masomo hayo yawe miongoni mwa yale yanayotajwa na programu ambayo mwombaji anaitaka.

Tuwachukue watahiniwa watatu wa HGL, wote wakiwa na thrii ya 15. Wa kwanza ana E tatu, yaani Historia, Jiografia na Kiingereza zote ni E. Wa pili ana D ya Historia, D ya Jiografia na F ya Kiingereza. Wa tatu ana C ya Historia, kisha S mbili. Mtaani watatu hawa wamelingana, na kama wanatoka shule moja, huenda wakafarijiana kwa hilo. Mbele ya TCU, wa kwanza ana pointi 2.0 kutoka katika masomo yake mawili bora, kwa hiyo hana sifa; wa pili ana 4.0 kamili, kwa hiyo anaweza kuomba. Wa tatu ana ufaulu kamili katika somo moja tu, kwa hiyo hana sifa, ijapokuwa alama yake ya Historia inawashinda wenzake wote. Aliyefaulu masomo yote matatu amebaki nje, na aliyeanguka somo moja ameingia. Nimewaona wazazi wakilikataa jambo hili hadi nilipowaandikia hesabu kwenye karatasi, nao hawana kosa, kwa sababu si jambo ambalo mtu angelitegemea. Hoja yake ni kwamba chuo kinatafuta mtu mwenye msingi wa kutosha katika masomo mawili ambayo digrii itajengwa juu yake. Naielewa hoja hiyo, lakini bado naona kwamba yule wa E tatu ameadhibiwa kupita kiasi.

Kwa sababu hiyo, jioni ya matokeo siyo wakati wa kuamua lolote. Ni wakati wa kuufungua ukurasa wa shule katika tovuti ya Baraza, kuitafuta namba ya mtihani, kuuacha ule mstari wa pointi na daraja, na kunakili alama za masomo jinsi zilivyo. Wengi hawapati hata nafasi ya kulifanya hilo wenyewe, kwa kuwa matokeo huweza kutoka wakiwa katika mafunzo ya JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) kwa mujibu wa sheria, pengine Ruvu, pengine Bulombora, mbali na simu zao. Matokeo yanakuwa yamesomwa na shangazi, jirani na rafiki wa kaka kabla mwenyewe hajayaona. Kwa mzazi ambaye mtoto wake yuko kambini, ushauri wangu ni kwamba simu ya kwanza itakapopatikana amweleze alama zote tatu kwa utulivu, bila kuanza na daraja na bila kumtajia alichopata mtoto wa fulani.

Mwenye pointi 4.0 au zaidi asidhani kwamba safari imekwisha, kwa sababu kigezo cha chini kinampa haki ya kuomba tu, na nafasi zenyewe hushindaniwa. Hapa ndipo tahasusi inapokuwa na uzito. Mwanafunzi wa PCB aliyepata D ya Kemia, D ya Baiolojia na F ya Fizikia ana 4.0, lakini udaktari wa binadamu unataka ufaulu kamili katika masomo yote matatu, jumla isiyopungua pointi 6, huku Kemia na Baiolojia zikiwa angalau D na Fizikia angalau E. Huyo hana njia ya kuufikia udaktari mwaka huu, na kumwambia ajaribu bahati yake ni kumpotezea dirisha la maombi. Anazo hata hivyo programu zinazojengwa juu ya Kemia na Baiolojia, kama vile ualimu wa sayansi na baadhi ya programu za kilimo, ambako alama zake zinafaa. Mwenye D tatu ana pointi 6 kamili na anaruhusiwa kuomba udaktari, lakini katika vyuo vinavyokimbiliwa na wenye A na B asiweke matumaini yake yote katika ombi hilo moja. Vilevile asome masharti ya kidato cha nne, kwani zipo programu, hasa za biashara na uchumi, zinazodai ufaulu wa Hisabati wa kidato cha nne kwa mtu ambaye hakusoma Hisabati kidato cha tano na cha sita.

Tangu mwaka 2017 maombi hupelekwa moja kwa moja chuoni, siyo TCU, na udahili huenda kwa awamu. Anayeachwa katika awamu ya kwanza aangalie ni programu zipi bado zina nafasi katika awamu inayofuata, badala ya kurudia ombi lile lile pale pale. Anayechaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja lazima athibitishe kimoja, na asipofanya hivyo ndani ya muda huweza kukosa vyote. Kila mwaka wapo wanaopoteza nafasi kwa namna hiyo, nafasi waliyokwisha kuipata.

Kwa walio chini ya 4.0 njia ni tatu, na hazina uzito sawa. Ya kwanza ni stashahada. Mwenye ufaulu kamili katika somo moja na S katika jingine anaweza kuingia ngazi ya tano ya mfumo wa NACTVET, baraza linalosimamia elimu na mafunzo ya ufundi, na kumaliza stashahada katika miaka miwili; akipata GPA, yaani wastani wa ufaulu, ya 3.0 au zaidi, na akiwa na angalau ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, ana sifa ya kuomba shahada inayohusiana na alichosoma. Kwa anayetamani udaktari, stashahada ya utabibu huchukua miaka mitatu na hupokea watu kwa matokeo ya kidato cha nne, Kemia, Baiolojia na Fizikia zikiwemo, kwa hiyo F ya kidato cha sita haimzuii. Naipendelea njia hii kwa vijana wengi ninaowahudumia, na sababu yangu ni nyepesi: hata shahada ikichelewa au ikakosekana, mtu anatoka na kazi mkononi. Wazazi huipinga kwa kuwa wanaiona ni kurudi nyuma, kana kwamba miaka miwili ya kidato cha tano na cha sita imepotea, ilhali ni miaka hiyo iliyomwezesha kuingia ngazi ya tano bila kuanzia ya nne.

Njia ya pili ni kozi ya msingi ya Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambayo watu wengi hawaifahamu vizuri. Inampokea mtu mwenye angalau pointi 1.5 kutoka katika masomo mawili, na 1.5 ni E moja na S moja. Mtahiniwa mwenye E, S na F ana jumla ya 18, yaani foo, daraja ambalo nyumbani husomwa kama mwisho wa masomo, kumbe limegusa kigezo hiki barabara. Akimaliza kozi hiyo kwa GPA ya 3.0 katika masomo sita ya lazima, na kupata angalau C katika masomo matatu ya mkondo wake, anatambuliwa kuwa na sifa ya kuomba shahada. Kasoro yake ni kwamba masomo ya huria yanamtaka mtu ajisimamie mwenyewe. Kijana aliyeanguka kwa sababu hakuwa akijisomea bila kusukumwa, nikimpeleka huko nitakuwa nimemrudisha kwenye tatizo lile lile akiwa hana hata kengele ya shule. Kwa yule wa E tatu, ambaye alisoma kwa bidii na kukosa mwelekeo tu, naiona inamfaa sana.

Ya tatu ni kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, na hii ndiyo inayotajwa kwanza na kila mtu. Kabla ya kukubali, huwa nauliza maswali mawili: kitu gani kitakuwa tofauti safari hii, na maabara iko wapi? Mwenye E zilizokuwa jirani na D, aliyeugua au kufiwa wakati wa mitihani, ana sababu ya kurudia. D inaanzia alama 50 na E inaanzia 40, kwa hiyo mwenye E ya 48 yuko hatua moja tu kutoka D, ila Baraza halichapishi alama ghafi, na hivyo tunategemea mitihani ya majaribio ya shule kukisia alikuwa wapi. Kwa masomo ya sayansi, mtihani wa vitendo ni ule ule wanaofanya walioko shuleni, na anayejisomea nyumbani bila kugusa bureti wala kioo cha lenzi anaingia chumba cha mtihani akiwa nyuma. Anayeamua kurudia ajisajili mapema. Usajili hauwasubiri wanaoamua mwishoni mwa mwaka kwa ajili ya mtihani wa Mei.

Rufaa ya kusahihishiwa upya ipo, ina ada na ina ukomo wa muda. Inafaa pale ambapo alama moja imetofautiana mno na historia nzima ya mwanafunzi, na haifai kuwa njia ya kuahirisha uchungu.

Uchungu wenyewe sitaki kuupita haraka. Kijana wa miaka kumi na tisa au ishirini ambaye ukoo mzima ulikwisha kumwita daktari tangu kidato cha kwanza, huzuni yake ni halali, na siku chache za ukimya si ugonjwa. Ninachowaomba wazazi wakiangalie ni ukimya unaoendelea: asiyekula, asiyelala, aliyeacha kupokea simu za marafiki, anayegawa vitu vyake au anayesema kwamba familia ingekuwa nafuu bila yeye. Huyo asiachwe peke yake wala asipewe mawaidha. Apelekwe hospitali aonane na mtaalamu wa afya ya akili, na habari za vyuo zisubiri. Kwa wengine wote, naona kinachosaidia zaidi ni kuondolewa kazi ya kujieleza kwa kila mgeni. Mzazi mmoja akiamua kwamba wageni watajibiwa na yeye, kwa sentensi moja, nyumba inatulia.

Hofu ya kukosa chuo ndiyo mtaji wa madalali. Anayeahidi nafasi ya chuo kikuu kwa mtu asiye na vigezo, kwa malipo ya haraka, anauza asichokuwa nacho. Kwa stashahada, hakikisha chuo na programu yenyewe vimo katika orodha ya NACTVET. Kwa wanaotazama vyuo vya nje, waende kwanza TCU kwa ajili ya cheti cha kutokuwa na pingamizi, kwa sababu shahada itakayokuja baadaye kutoka nje itahitaji kutambuliwa na Tume hiyo hiyo.

Wakati yote haya yakiendelea, kuna kazi ambayo mzazi anaweza kuifanya hata kama mtoto bado yuko JKT. Mkopo wa Bodi ya Mikopo huombwa kwa kutumia namba ya mtihani wa kidato cha nne, na cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo Tanzania Bara, au na wakala wa usajili wa Zanzibar kwa waliozaliwa huko. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 mikopo imefika pia kwa baadhi ya programu za stashahada za kipaumbele, zikiwemo za afya, kwa hiyo uhakiki huu hauwahusu wa shahada peke yao. Linganisha majina yaliyo katika cheti cha kuzaliwa na yale ya cheti cha kidato cha nne, herufi kwa herufi. Kama kwenye kimoja ni Mohamed na kwenye kingine ni Mohammed, anza kulishughulikia sasa, kwa sababu kurekebisha jina huchukua muda mrefu, na dirisha la mkopo hufungwa kwa tarehe yake.