Kusafisha maulizo ndani ya draiva ya hifadhidata: maana yake

Mtu anayeitwa Ng'ang'a akijisajili kwenye mfumo wa Sacco jijini Nairobi, jina lake huja na ritifaa mbili, yaani alama ya '. Katika SQL, lugha ya kuiuliza hifadhidata, maandishi hufunguliwa na kufungwa kwa alama hiyo hiyo. Programu ikilichomeka jina hilo ndani ya ulizo, yaani ombi linalotumwa kwa hifadhidata, jinsi lilivyo, hifadhidata itaona maandishi yameishia kwenye “Ng”, na kinachofuata itakisoma kama amri. Ng'ang'a ataambiwa kuna hitilafu. Mwenye nia mbaya ataandika amri halisi kwenye kisanduku cha jina na kuchungulia akaunti za wenzake.

Kusafisha ulizo ni kuiandaa thamani ya mtumiaji ili ibaki kuwa data tu. Ritifaa huandikwa mara mbili, 'Ng''ang''a', na jina huhifadhiwa kamili. Ipo mifumo inayofuta alama hiyo kimyakimya, mwanachama akawa Nganga kwenye kompyuta na Ng'ang'a kwenye kitambulisho. Huko ni kuharibu rekodi ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inampa haki ya kudai isahihishwe.

Njia salama zaidi ni kutuma ulizo peke yake, lenye nafasi ya kujazwa kama $1, kisha thamani zifuate kando. Lakini draiva nyingi, yaani programu ndogo zinazounganisha mfumo na hifadhidata, bado zina hali sahili, ambapo zenyewe hujaza thamani ndani ya maandishi ya ulizo. Hapo ndipo msimbo wa kusafisha unapobeba mzigo wote, na ndipo watunzaji wake wanapostahili heshima kuliko wanayopewa.

Mwaka 2024 kosa la aina moja lilipatikana katika draiva mbili za hifadhidata ya PostgreSQL, pgx ya lugha ya Go na pgjdbc ya Java, zikitumika katika hali hiyo. Chukua ulizo lenye salio -$1. Ukijaza 500, hesabu ni sawa. Ukijaza -500, unapata salio --500, na katika SQL vistari viwili hugeuza kila kitu hadi mwisho wa mstari kuwa maelezo yasiyotekelezwa. Kama kwenye mstari huo kuna nafasi nyingine ya maandishi, mshambuliaji huweka humo alama ya mstari mpya, na amri yake ikatekelezwa. Namba tupu, isiyo na ritifaa hata moja, ndiyo iliyofungua njia. Dawa ilikuwa kuizungushia thamani mabano.

Februari 2025 zamu ikawa ya PostgreSQL yenyewe: kazi zake za kusafisha maandishi zilipitwa na baiti zisizo halali katika UTF-8, utaratibu wa kompyuta wa kuhifadhi herufi kama baiti. Toleo 17.3 lilirekebisha, lakini marekebisho yakaleta kasoro nyingine, na wiki moja baadaye likatoka 17.4.

Ndiyo maana mtunzaji makini haachi kosa lipite bila kuliandikia jaribio la kudumu: ritifaa, namba hasi, mstari mpya, baiti mbovu. Majaribio hayo huendeshwa kila msimbo unapoguswa, hata kwa badiliko la kuongeza kasi tu. Wewe unayejenga mfumo wa Sacco, angalia toleo la draiva yako, kisha angalia kama kuna aliyewasha hali sahili kwenye mipangilio.