Ameacha kulia, je, amepona? Maswali kuhusu unasihi baada ya ukatili wa kingono

Nafanya kazi ya unasihi, yaani ushauri nasaha, katika hospitali moja ya wilaya hapa Tanzania. Waliobakwa au kulawitiwa wanaonifikia ndani ya siku tatu ni wachache. Wengi huja baada ya miezi, tena wameletwa kwa jambo jingine: kichwa kisichopona, mimba, mtoto wa darasa la nne aliyeanza tena kukojoa kitandani. Nikiuliza ilikuwaje wakakaa muda wote huo, jibu huwa lile lile: "Tulimwambia anyamaze, asahau." Haya ndiyo maswali ninayoulizwa zaidi.

Kiwewe ni nini?

Ni jeraha la akili linalobaki baada ya tukio la kutisha. Tukio limekwisha, lakini mwili unaendelea kujihami kana kwamba bado lipo. Mtu huota ndoto za kutisha, hushtuka akiguswa begani, hukwepa njia fulani, hukasirika ovyo au hufa ganzi kabisa. Wiki za mwanzo hali hii ni ya kawaida, na kwa wengi hupungua wakipata watu wa kuwaamini na kuwatunza. Ikivuka mwezi mmoja bila kupungua, huo ni ugonjwa, na unatibika.

Imetokea jana usiku. Tuanzie wapi?

Hospitali. Leo. Msianzie kwa mjumbe wala kwenye kikao cha ukoo. Dawa kinga ya VVU lazima ianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Humezwa siku 28. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba hufanya kazi hadi siku 5, ila mapema ni bora. Asioge kwanza, na nguo alizovaa ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki. Kama ameshaoga, mleteni hivyo hivyo. Matibabu ya dharura hayasubiri PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu. Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto, na fomu itafuata. Baadhi ya hospitali zina Kituo cha Mkono kwa Mkono, ambapo daktari, polisi, ustawi wa jamii na mnasihi wako mahali pamoja, ili mgonjwa asirudie habari yake mlango kwa mlango.

Ameacha kulia na amerudi shuleni. Si amepona?

Hapana. Huenda ameona kwamba kulia kunawaudhi. Mtazame anavyolala, anavyokula, anavyoitikia akiitwa na mtu mzima. Mtoto aliyekuwa mchangamfu sasa ni mtulivu mno, nanyi mnamsifu kwa adabu! Huo utulivu ndio unaonitisha mimi.

Familia zimeshakaa, aliyetenda ameomba radhi na kulipa. Bado anahitaji unasihi?

Bado. Waliokaa kikao ni wazee; yeye aliyeumizwa hakuulizwa neno. Nakumbuka mama mmoja aliyemleta binti yake. Kila nilichomuuliza binti, mama alijibu yeye: "Yameisha, mwanangu ameshasamehe." Binti alikuwa ameushika upindo wa kanga yake, anauviringisha kidoleni hadi ncha ya kidole ikageuka rangi. Nilimwomba mama akasubiri nje. Ilichukua karibu nusu saa kabla binti hajasema kwamba yule mtu bado anapita uani kwao kuchota maji.

Hapo unasihi utaanzia wapi? Hakuna jeraha linalofunga huku linatoneshwa kila asubuhi. Kazi ya kwanza ilikuwa usalama wake. Na akiwa mtoto, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka anayejua atoe taarifa. Namba 116 inapokea simu za masuala ya watoto. Kubaka ni jinai. Haimalizwi kwa mbuzi.

Lakini tukimwachia muda, si atasahau mwenyewe?

Hapana. Nimejibu hapo juu na ninarudia, kwa sababu najua kuna anayesoma huku ameshaamua kusubiri. Kumnyamazisha hakumsahaulishi. Kunamfunza kwamba aibu ni yake. Muda husaidia pale mtu anapokuwa salama na anasikilizwa. Muda wa kufungiwa mdomo huozesha jeraha, kisha mnaletewa mtu aliyekunywa sumu ya panya na mnauliza alikuwa na tatizo gani.

Mnasihi atamlazimisha asimulie kila kitu?

Hapana, na akimlazimisha siku ya kwanza, huyo hajui kazi. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani haishauri kumkalisha mtu mara moja tu baada ya tukio na kumtaka amwage yote.

Kwangu mgonjwa huchagua kiti. Wengi huchagua kile kinachouona mlango, nami sikai kati yao na mlango. Namweleza mapema kwamba maneno yake hayatoki, isipokuwa maisha yake au ya mtoto yakiwa hatarini. Alinyang'anywa uamuzi juu ya mwili wake, kwa hiyo ninaanza kwa kumrudishia maamuzi madogo: dirisha liwe wazi au lifungwe, tuendelee au tupumzike.

Kisha tunajifunza kumrudisha alipo wakati kumbukumbu inapomchukua. Nyayo sakafuni. Ataje vitu vitano anavyoviona, vinne anavyoweza kuvigusa, sauti tatu anazozisikia. Anapumua, anaitoa pumzi polepole kuliko alivyoivuta. Ni mazoezi mepesi, ila yafanywe kila siku, hata siku nzuri.

Akishaweza kujituliza ndipo tunaligusa tukio lenyewe, kidogo kidogo, kwa mwendo wake. Tunayachambua mawazo yaliyomganda: "ni kosa langu", "nimechafuka". Tunarejea polepole mahali pasipo na hatari alipokuwa anapakwepa. Mara nyingi ni vikao kati ya 8 na 16. Katikati kuna wiki ambayo ndoto huzidi, na ndipo wengi hukimbia. Nawasihi ndugu wamsindikize wiki hiyo.

Hakupiga kelele wala hakupigana. Si alikubali?

Hapana! Hofu kubwa hugandisha mwili. Sauti hukataa kutoka, miguu haisogei. Mtu hachagui kuganda. Swali hili msimuulize hata mara moja. Nimeona kazi ya vikao vitano ikibomoka kwa shangazi aliyeuliza tu, "Na wewe ulifuata nini kule?"

Anapandwa na mapepo. Tumpeleke kwenye maombi?

Sali naye, sikukatazi. Lakini mtu anayekodoa macho, haitikii akiitwa, kisha hakumbuki kilichopita, mara nyingi akili yake imejitenga ili isihisi maumivu. Kumshika kwa nguvu mikono na miguu ili "yatoke" ni kumrudisha kule kule alikoshikwa. Acheni.

Tumpe dawa za usingizi?

Msinunue wenyewe dukani. Dawa jamii ya diazepamu hazishauriwi kwa kiwewe kipya, na zinazoeleka haraka. Kama dawa inahitajika, daktari ataamua.

Na mvulana?

Vile vile. Dawa kinga ile ile, saa zile zile 72, unasihi ule ule. Kumwambia "wewe mwanaume, kaza" ni kumfungia mlango.

Mjamzito anakataa kupimwa njia na anabana miguu. Ni mkaidi?

Hili nawaambia wenzangu wa leba. Wapo kati ya wale mnaowafokea walioumizwa wakiwa watoto na hawajamwambia mtu. Mwambie unachotaka kufanya, omba ruhusa yake, na akisema subiri, toa mkono. Dakika mbili zinatosha.

Mimi ilinitokea miaka 20 iliyopita. Nimechelewa?

Kwa dawa kinga, ndiyo. Kwa unasihi, hapana. Nimewapokea wenye wajukuu, na wamelala usingizi ambao hawakuwahi kuupata tangu usichana wao. Ukifika dirisha la mapokezi hospitalini usieleze kisa chako mbele ya foleni. Sema tu, "Nina jambo la faragha, naomba kuonana na mnasihi au afisa ustawi wa jamii." Akikuuliza jambo gani, mjibu kwamba utalisema ndani.